Feza Wawili, Asani Watatu

Nyumbani kwa Bibi Feza, pale Kasongo, ukisimama uani ukaita "Feza!" wanaitika watu wawili. Ukiita "Mama!" wakati wa likizo ile, walikuwa wanaitika watatu, na kuku nao wanageuza shingo kutazama kuna nini. Mwenye nyumba ni Bibi Feza. Mjukuu wake wa miaka kumi na miwili amepewa jina lake, kwa hiyo naye ni Feza. Na kwa sababu mtoto amebeba jina la bibi, mama yake mzazi, Pascaline, humwita "mama" kama anavyomwita bibi mwenyewe. Wageni huchanganyikiwa. Wenyeji hawaoni ajabu yoyote, maana hata kwao ni hivyo hivyo.

Kila asubuhi Feza mdogo alifagia uwanja, akateka maji chemchemi mara mbili, kisha akamtwangia bibi yake sombe, yaani majani ya mihogo. Siku nyingine zote za mwaka alifanya kazi hizo huku akinung'unika. Likizo hii alizimaliza mbiombio, jasho likimtoka, kwa sababu mama yake alikuwa amekuja.

Pascaline alikuwa fundi wa kutunga programu za kompyuta. Baba yake Feza alifariki Feza akiwa mchanga. Pascaline akaenda kusoma Bukavu, kisha akapata kazi Kinshasa, ili bibi ale na mtoto asome. Alipiga simu kila Jumapili baada ya misa, mtandao ukikubali. Lakini simu haina mikono. Haiwezi kumsuka mtu nywele. Feza alikuwa amemaliza miaka mitatu bila kusukwa na mama yake. Macho ya bibi hayakuona tena njia za kichwani, kwa hiyo alisukwa na jirani mmoja aliyevuta nywele kama anang'oa mihogo.

Safari hii mama alikuja kwa wiki tatu. Mbili za kwanza zilikuwa za kazi. Alitakiwa kutengeneza programu ya kuandika watoto wa chanjo, ianze kijiji cha Wamaza, na ikifaulu ienee wilaya yote ya Kabambare. Jumamosi ya wiki ya pili ndiyo ilikuwa siku ya chanjo ya surua huko Wamaza.

"Wiki ya tatu ni yako, mama," Pascaline alimwambia binti yake. "Tutaenda mutoni Lualaba kula samaki. Na nitakusuka siku muzima, polepole. Kazi ikiisha vizuri, hakuna mutu atatusumbua."

Feza alizishika siku hizo saba moyoni. Usiku alizihesabu, na asubuhi alizihesabu tena asije akawa amekosea.

Kazi ilifanyika katika ofisi ya parokia, kwa kuwa palikuwa na umeme wa jua. Kutoka Wamaza yaliletwa madaftari manne yaliyoandikwa kwa mkono na Gaston, mjitolea wa afya wa kijiji. Feza alikuwa hodari wa kusoma mwandiko mbaya, basi mama yake akampa kazi ya kuingiza majina kwenye kompyuta: jina la mtoto, mtaa, jina la mama, na tarehe ya kuzaliwa pale ilipojulikana. Pascaline alikaa meza ya pili akitunga programu yenyewe. Wakichoka, waliongea.

"Mama, unajua lugha ngapi za kompyuta?" Feza aliuliza siku moja.

"Nilizofanyia kazi kweli kweli ni ine," Pascaline alisema, akionyesha vidole vinne. "Ya kwanza PHP. Niliijifunza Bukavu, wewe ukianza kutembea. Ile lugha inasamehe sana. Unaandika vibaya, yenyewe inaendelea tu. Nikatengenezea hoteli moja programu ya kupokea wageni, nikaenda zangu nikicheka. Kesho yake chumba kimoja kimepewa watu watatu!"

Feza alicheka mpaka akaegemea meza. "Halafu?"

"Halafu Java, huko Kinshasa. Wewe ulikuwa unaingia mwaka wa kwanza wa shule. Java haina muchezo. Kila kitu useme kwanza ni kitu gani: hii ni hesabu, hii ni jina, hii ni tarehe. Ukisahau, inakataa kufanya kazi. Mwezi wa kwanza nililia. Kisha nikaipenda, sababu ilinifundisha mupango."

"Hata mimi nililia siku ile ya shule."

"Najua. Bibi yako aliniambia kwa simu." Pascaline aliacha kubonyeza. "Python nilianza ulipong'oka meno ya mbele. Hiyo ni fupi, inasomeka kama mutu anaongea. Kazi ya mistari makumi sita, Python inaimaliza na kumi. Na Kotlin, ya kutengeneza programu za simu, ni juzi tu, ule mwaka uligonjwa malaria ukalazwa."

Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kompyuta. Feza aliviangalia. Akaelewa kwamba mama yake alikuwa akihesabu miaka kwa lugha, na kwamba katika kila lugha kulikuwa na jambo la nyumbani ambalo mama hakuliona kwa macho yake. Hakukuona kutembea kwake, wala meno yake kung'oka. Feza alitamani sana kumwambia, "Usijifunze ya tano." Lakini aliinama, akaendelea na daftari.

Katika daftari la tatu alikutana na jambo lililomchekesha. Kulikuwa na Asani watatu, wote wa mtaa mmoja. Mama zao walikuwa tofauti. Bila shaka ndugu watatu walikuwa wamezaa, na kila mmoja akampa mwanawe jina la babu. Feza alifikiria mtu akiita "Asani!" pale uani kwao, akacheka peke yake.

Alhamisi mchana majina yote yalikuwa yameingia. Yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Feza alikuwa amejumlisha kila ukurasa kwa penseli.

"Sasa nione," Pascaline alisema huku akisugua mikono. "Mjini mutu mumoja anaandikwa mara mbili, mara tatu. Lazima kuondoa wanaorudiwa. Zamani ingekuwa kazi ya siku mbili. Angalia Python: mustari mumoja tu! Jina likifanana na mutaa ukifanana, inabakiza mumoja."

Akabonyeza. Kufumba na kufumbua, orodha ikaonyesha watoto mia mbili kamili.

"Mia mbili! Chupa moja ya dawa ni ya watoto kumi. Chupa makumi mbili, basi. Safi kabisa!" Pascaline alifurahi kama mtoto.

Feza aliangalia orodha. Alipandisha macho hadi kwenye herufi ya A. Asani alikuwa mmoja. Akakumbuka ukurasa wa daftari, na Asani wake watatu, na mama zao watatu.

"Kama umeona kosa, sema sasa," mama yake alisema bila kugeuka. "Tukirudi nyuma, ni kubadilisha programu, na ile ya simu ya muuguzi pia, na kukagua majina yote. Siku tatu, ine hivi. Tutaimalizia wiki ijayo."

Wiki ijayo! Hiyo ilikuwa wiki yake. Feza aliona samaki wa Lualaba wakiyeyuka, akaona siku ile ya kusukwa ikienda na maji. Akajiambia kwamba pengine Gaston alikosea. Akajiambia kwamba mama anajua lugha nne na yeye hajui hata moja. Moyo wake ulijua kwamba hayo ni maneno ya kujidanganya, lakini mdomo ukasema vingine.

"Hapana, mama," alisema. "Iko sawa."

Ijumaa walipanda pikipiki mbili kwenda Wamaza. Pascaline na Feza walikaa kwenye moja, na muuguzi Salomon akapanda nyingine na sanduku la baridi lenye chupa ishirini. Barabara ilikuwa matope na mashimo, na mara tatu walishuka kusukuma. Mama alimshika Feza kiunoni njia nzima. Ingekuwa siku nyingine, Feza angeomba barabara isiishe. Siku hiyo alikaa kimya, na mama alipomuuliza kama anaumwa, alisema ni vumbi. Vumbi gani, na mvua imenyesha usiku kucha?

Jumamosi asubuhi uwanja wa kanisa la Wamaza ulijaa. Surua ilikuwa imeanza kusikika katika vijiji vya jirani, kwa hiyo mama Wakristo na mama Waislamu walikuwa wamefika alfajiri, wengine wakitoka mashambani na matope miguuni. Salomon alishika simu yenye orodha. Aliita jina, mtoto akachomwa sindano, Salomon akagusa kioo, na alama ya kijani ikatokea. Mstari ulisonga mbele bila vurugu. Watu walimsifu "Mama Feza wa Kinshasa", naye Pascaline akatabasamu kwa haya.

Kufikia mchana alifika mama mmoja aitwaye Régina. Alikuwa ametembea mwendo wa saa tatu kutoka shambani, mtoto wa kiume wa miezi kumi akiwa mgongoni.

"Jina ya mutoto?" Salomon aliuliza.

"Asani."

Salomon aliangalia simu. "Mama, Asani amekwisha kuchomwa. Alama iko hapa."

"Hapana, Dokta! Ule ni Asani ya shemeji yangu. Huyu wangu bado!"

"Orodha iko na Asani mumoja tu."

"Lakini wangu ndiye huyu, namubeba!"

Nyuma yake watu walianza kuguna. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Anatafuta mutoto achomwe mara mbili! Sisi tuko tunangoja hapa!" Mwingine akacheka. Régina aligeuka, macho yamejaa maji. Alifungua kitenge na kuwaonyesha mkono wa mtoto, usio na hata alama ya sindano.

"Mimi si muongo," alisema. "Tangu asubuhi sijakula. Mimi si muongo."

Salomon hakuwa mtu mbaya. Alitazama sanduku la baridi, kisha orodha, kisha sanduku tena. "Mama, dawa imehesabiwa kufuata orodha. Nikikupa wewe, mutoto mwingine mwenye jina atakosa. Kaa pembeni kwanza."

Pembeni pale palikuwa tayari pamekaa wanawake wanne, na watoto ambao majina yao, kwa mujibu wa simu, yalikuwa ya watu wengine. Régina alikwenda kukaa nao. Mtoto wake alianza kulia, naye akamnyonyesha akiwa ameinamisha kichwa.

Feza alimtazama Régina. Yule mama alikuwa anaitwa mwongo mbele ya kijiji kizima, na mwongo mwenyewe alikuwa amesimama karibu na meza, na viatu safi. Alitazama mikono ya mama yake. Alijua akisema sasa, mikono ile haitamsuka. Alijua pia kwamba mama atapata aibu mbele ya watu waliomsifu. Akaenda mpaka mezani.

"Hasemi uongo," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Mama huyu hasemi uongo! Kwenye daftari kuna Asani watatu. Mimi ndiye niliyewaandika. Programu imebakiza mmoja, na Alhamisi niliona. Niliona, nikanyamaza."

Pascaline alimtazama binti yake kama hajamwelewa.

"Uliona, mama? Na nilikuuliza!"

"Nilitaka wiki yangu," Feza alisema, na hapo machozi yakamshinda. "Ulisema tukirudi nyuma itakwisha. Mimi nilikutaka wewe tu."

Pascaline hakumpiga wala kumgombeza. Alimwomba Gaston, aliyekuwa akipanga mstari, alete madaftari yake. Gaston alikuwa mtu wa polepole, na wengi walimcheka kwa hilo.

"Mimi naandika mutoto mumoja mara moja," alisema. "Hakuna wa kurudiwa humu. Ni majina tu inafanana. Kwetu mutoto anapewa jina ya babu, si unajua?"

"Najua," Pascaline alijibu polepole. "Najua sana." Akamgeukia Régina, akapiga magoti mbele yake pale pale kwenye udongo wa uwanja, kama mtu anavyomwomba radhi mkubwa wake. "Unisamehe, mama. Kosa ni yangu. Nilikaa mbali sana, nikatunga programu ya watu wa mbali."

Waliopunjwa na ule mstari mmoja wa programu walikuwa kumi na wanne. Salomon aliandika majina yao kwenye karatasi, kwa kalamu, pamoja na majina ya mama zao, akaahidi kurudi na chupa mbili kabla ya wiki kwisha. Yule mwanamke aliyemwita Régina mwongo alimletea sahani ya wali na samaki, akakaa karibu naye.

Jumapili walirudi Kasongo. Jumatatu asubuhi Pascaline alifungua kompyuta katika ofisi ya parokia. Feza alikaa mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Ingia, mama," Pascaline alimwita. "Kazi hii ni yetu wawili. Wewe ungefanya nini na kina Asani?"

Feza alifikiri. "Mashine isifute," alisema. "Ikiona majina yanafanana, iulize. Iseme, huyu ni yule yule ao ni mwingine? Halafu mutu aangalie jina ya mama yake, ndiyo ajibu."

Pascaline alivuta kiti chake karibu. "Na mimi na lugha zangu ine sikufikiri vile," alisema.

Python ilikubali kubadilishwa asubuhi moja tu. Programu ya simu ndiyo iliyosumbua, ikala Jumatatu yote na Jumanne yote. Jumatano ilibaki kazi ya kukagua majina yote mia mbili na kumi na manne, moja moja, kutoka daftarini. Feza aliketi mbele ya kompyuta. Alikuwa amekwisha kukubali moyoni kwamba Lualaba haiko tena, na kusukwa hakuko. Ndipo aliposikia kigoda kikiburutwa nyuma yake, na kitana kikaingia katika nywele zake.

"Soma kwa sauti," mama yake alisema. "Masikio yangu yako kazini. Mikono iko huru."

Basi Feza alisoma. Alisoma jina, mtaa na jina la mama, akabonyeza, na nyuma yake vidole vya mama vikagawa nywele, vikavuta taratibu, vikasuka. Kila kompyuta ilipouliza "Huyu ni yule yule?" mikono ilisimama, wote wawili wakatazama daftari, wakajibu, na mikono ikaendelea. Walipofika kwa Asani wa tatu, mtoto wa Régina, Pascaline alisema, "Ongeza sauti, nimusikie vizuri."

Ilipofika saa kumi jioni orodha ilikuwa imekwisha. Kichwa cha Feza pia kilikuwa kimekwisha, mistari kumi na sita iliyonyooka. Pascaline alimgeuza, akamshika mabega.

"Sikiliza, mama," alisema. "Kuna lugha inasamehe, kuna inagomba, kuna fupi, kuna ndefu. Lakini zote ziko na tabia moja. Mashine inafanya kile umeiambia. Kile haijui, haiwezi kukisema. Hatuwezi kuikasirikia. Lakini mutu anayejua, akinyamaza, huyo ametudanganya, hata kama hakufungua kinywa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na mimi kosa yangu ni kubwa kuliko yako. Nilijivuna na mustari mumoja, sikuuliza wenye kijiji. Nyumbani mwetu kuna Feza wawili. Jina moja, mutaa mumoja. Ile programu yangu ingebakiza mumoja wenu." Alimgusa Feza nywele zilizosukwa. "Ukiona kosa, sema, hata kama itakutoa kitu unachopenda. Na ukiwa na hamu yangu, sema vilevile. Usiifiche. Mimi nitaibeba pamoja na wewe."

Alhamisi Salomon alikwenda Wamaza na chupa mbili na orodha mpya. Ijumaa jioni alipiga simu: watoto wote kumi na wanne walikuwa wamechanjwa, na Régina alituma salamu kwa yule mutoto mwanamuke aliyesema kweli. Siku hizo mbili Pascaline alizimaliza ofisini akiandika ripoti ya kazi, na Lualaba ikangoja likizo nyingine. Jumamosi alfajiri alipanda pikipiki ya kwenda Kindu, ili apande ndege ya Kinshasa. Bibi Feza na Feza mdogo walisimama njiani mpaka mlio ukapotea.

Wiki ya nne baada ya kusukwa, nywele zilikuwa zimelegea na kujaa vumbi. Bibi alisema zifumuliwe, Feza akaomba zingoje hadi Jumapili. Siku hiyo, baada ya misa, simu iliita, na mtandao ukakubali.

"Habari za shule, mama?" Pascaline aliuliza.

Siku zote Feza alijibu "nzuri" na kuanza kueleza alama zake za hesabu. Safari hii alivuta pumzi kwanza.

"Mama, niko na hamu yako," alisema. "Sana. Jana nililia."

Mtandao ulikwaruza, Feza akabana simu sikioni.

"Hata mimi, mama," Pascaline alisema. "Hata mimi nililia. Endelea kusema. Nasikia."

Feza aliongea mpaka salio la mama yake likaisha. Kisha akaketi chini mbele ya bibi, akainamisha kichwa, na Bibi Feza akaanza kufumua mstari wa kwanza kwa vidole, maana kwa kufumua hakuhitaji macho.